Dondoo limelegeza msuli au limeuua? Utatuzi wa matatizo ya vipimo vya dawa za miti, Tabora

Dawa nyingi za miti zinazouzwa Tabora kwa msokoto wa tumbo, chango na maumivu ya hedhi zina dai moja: zinalegeza msuli uliokaza. Kulipima dai hilo maabara, kwa kutumia dondoo, yaani dawa iliyotolewa kwenye mti kwa maji au spiriti, kunawezekana hata kwa vifaa vichache. Kazi iko kwenye kuusoma mstari unaochorwa na mashine. Msuli ukilegea, mstari unashuka. Msuli ukifa, mstari unashuka vilevile, tena unanyooka vizuri kiasi cha kumfurahisha mwanafunzi anayesubiri kuandika ripoti. Ndiyo maana hapa sitenganishi kipimo cha usalama na kipimo cha ulegezaji. Asiyejua kama tishu yake ingali hai hajapima chochote.

Nachukulia kwamba unatumia mpangilio wa kawaida: kipande cha utumbo mwembamba wa sungura, sentimita 2 hivi, kimening'inizwa ndani ya beseni la tishu lenye maji ya Tyrode au Krebs (maji ya chumvi yanayoigiza majimaji ya mwili) kwenye nyuzi joto 37, ncha moja imefungwa chini na nyingine imeunganishwa na kipima mvuto, kimevutwa kwa gramu 1 na kuachwa dakika 30 hadi 60 kitulie. Utumbo wa sungura tunaupenda kwa sababu unadunda wenyewe bila kuchochewa. Kwa usalama unaanza na viluwiluwi vya artemia, wale uduvi wadogo wa maji chumvi, ndipo uende kwa panya weupe. Kibali cha kamati ya maadili kinatangulia vyote hivyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haimsamehe mtu kwa sababu sungura alimfuga nyumbani kwake.

Msuli umelegea, ukiuosha haurudi

Hili ndilo tatizo kubwa, na ndilo linalofichwa zaidi. Dalili yake: umeweka dondoo, mdundo umezimika ndani ya dakika chache, mstari umelala. Umemwaga maji, umeosha mara tatu, umesubiri robo saa. Kimya. Umeweka asetilikolini, kemikali ya neva inayokaza utumbo, kwa dozi ileile iliyokuwa ikikaza utumbo vizuri asubuhi, na mstari umeinuka kidogo tu au haukuinuka kabisa.

Usiandike kwamba dawa ina nguvu. Mshukiwa wa kwanza ni saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni. Hizi hutoboa utando wa seli, na seli iliyotobolewa haina cha kukaza. Chukua dondoo lililoyeyushwa kwenye maji, litikise kwa nguvu ndani ya chupa ya majaribio, liache dakika 15. Povu likibaki limesimama, endelea na kipimo cha damu: changanya dondoo na chembe nyekundu za damu zilizooshwa ndani ya maji ya chumvi ya 0.9%. Mchanganyiko ukigeuka mwekundu unaopitisha mwanga, bila chembe kutuama chini, basi chembe zimepasuka, na utumbo wako nao ulikuwa unapasuliwa hivyohivyo. Mizizi ya mzigi, ule mti wenye maua ya zambarau ambao gome la mzizi wake linanukia kama dawa ya kuchua, ni mfano wa kukumbuka. Una saponini, una sumu inayojulikana, na bado watu wanaupeleka maabara wakitarajia dawa ya mgongo.

Mshukiwa wa pili ni tanini. Mizizi na magome mengi ya miombo yamejaa tanini, mlundalunda ukiwemo, ambao huku unatumika sana kwa maumivu ya tumbo. Tanini hushikana na protini za juu ya tishu na kuikausha, kama ngozi inavyosindikwa kiwandani. Dondoo likitoa mashapo ukilidondoshea mmumunyo wa jelatini yenye chumvi, zitoe tanini kwanza (kwa safu ya poliamidi, au hata kwa kuzigandisha na jelatini hiyohiyo na kuchuja), kisha pima upya. Ulegezaji ukitoweka pamoja na tanini, umepata jibu lako, ingawa halitakufurahisha.

Mshukiwa wa tatu ni uchachu. Pima pH ya beseni baada ya kuweka dondoo, si kabla. Ikiwa imetoka 7.4 na kushuka chini ya 7, rekebisha dondoo kwa matone ya sodiamu haidroksidi na urudie.

Kanuni ninayoishika: ulegezaji haukubaliwi mpaka tishu ileile, baada ya kuoshwa, ikaze tena kwa asetilikolini kufikia angalau asilimia 80 ya ilivyokaza mwanzo. Wengine wanataka 90, na siwalaumu.

Kiyeyushi peke yake kinalegeza

Hapa suluhisho ni fupi. DMSO na ethanoli zote hulegeza misuli laini zikizidi. Hakikisha DMSO ndani ya beseni haizidi 1%, na kila dozi ya dondoo iwe na mwenzake: ujazo uleule wa kiyeyushi kitupu, kwenye tishu hiyohiyo. Beseni la mililita 20 lisipokee zaidi ya mililita 0.2 kwa mara moja. Dondoo likikataa kuyeyuka kwa kiasi hicho, punguza dozi. Usiongeze kiyeyushi.

Badala ya kulegea, msuli unakaza

Mganga ameapa kwamba mti huu unatuliza. Wewe unaweka dondoo la maji na mstari unapanda. Kabla ya kumkosea mzee wa watu adabu, fanya hesabu ya potasiamu.

Majani yana potasiamu nyingi na yote huingia kwenye maji. Tuseme dondoo lako kavu lina potasiamu 5% na umeweka miligramu 10 kwa mililita. Hiyo ni miligramu 0.5 ya potasiamu kwa mililita, sawa na milimoli 12.8 kwa lita, juu ya milimoli 4.7 zilizokuwemo tayari kwenye Krebs. Utumbo utakaza kwa chumvi tu, na dawa yenyewe haijapata nafasi ya kusema. Namna rahisi ya kuthibitisha ni kuchoma kiasi kilekile cha dondoo mpaka kiwe majivu meupe, kuyayeyusha majivu kwenye maji, kusawazisha pH, na kuyaweka kwenye beseni. Majivu yakikaza kama dondoo lilivyokaza, ni chumvi. Hakuna molekuli ya dawa inayopona moto ule.

Sababu ya pili ni ya hapa kwetu, na vitabu vilivyoandikwa mbali havitakuambia. Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, kote huko msitu na shamba la tumbaku vinapakana. Mti uliochumwa ukingoni mwa shamba unaweza kuwa umepuliziwa dawa za wadudu. Zile za kundi la oganofosfati huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kwa hiyo asetilikolini inayotolewa na neva za utumbo wenyewe inalundikana na msuli unakaza. Dalili zake huja pamoja: viluwiluwi vinakufa hata kwa dozi ndogo sana, utumbo unakaza na kubaki umekaza, na tone la atropini, dawa inayozuia asetilikolini, linaulegeza papo hapo. Ukiyaona hayo matatu, usiendelee. Rudi ukachume mti huohuo ndani ya msitu, mbali na mashamba, na ikiwezekana peleka sampuli ya kwanza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ipimwe mabaki ya viuatilifu.

Halafu kuna mabani. Najua bani la kukaushia tumbaku ni kavu, lina joto, na msimu ukiisha liko wazi, na mwenyeji atakupa bure. Usianike dawa humo. Kuta na vijiti vimeshika nikotini na moshi wa miaka. Kwenye utumbo wa simbilisi nikotini hukaza kwa muda mfupi, kisha dozi ya pili inakuta utumbo hausikii tena, na mwanafunzi anaandika kwamba dondoo "linakaza kwanza kisha linalegeza". Anika kivulini, juu ya chanja, penye upepo, geuza kila siku.

Mdundo unapungua kila ifikapo mchana

Angalia umbo la mstari. Kama midundo imekuwa michache kwa dakika lakini kimo chake kimebaki karibu palepale, shuku joto kabla ya kushuku dawa. Umeme ukikatika, pampu ya maji moto inasimama, beseni linapoa polepole, na utumbo wa sungura unapunguza kasi kwa utiifu kabisa. Kipimajoto kiwe ndani ya beseni lenyewe. Namba ya kwenye kidude cha kuchemshia haikuhusu. Ukiwa na inveta, iunganishe na pampu na kichemshio kwanza. Kompyuta ina betri yake.

Kama kimo ndicho kinachopungua, angalia hewa na maji. Krebs inahitaji gesi yenye oksijeni 95% na kaboni dioksidi 5%. Mtungi ukiisha na ukaweka pampu ya kawaida ya hewa, pH inapanda, maji yanakuwa na ukungu mweupe kwa kuwa kalsiamu inajitenga, na msuli usio na kalsiamu hauna cha kukazia. Usipokuwa na uhakika wa mtungi wa gesi huku bara, tumia Tyrode. Inavumilia hewa ya kawaida, na kwa utumbo wa sungura inatosha. Ukitengeneza yoyote kati ya hizo mbili, kloridi ya kalsiamu iingie mwisho, vingine vikiwa vimeshayeyuka. Na maji yawe yaliyokenekwa. Maji ya bomba, hata yakiwa ya Ziwa Victoria na yanang'aa, yana klorini na chumvi usizozihesabu.

Muulize pia aliyekuuzia sungura alimpa dawa ya minyoo lini. Baadhi ya dawa hizo zinafanya kazi kwenye neva na misuli.

Viluwiluwi havianguliwi, au vinakufa hata kwenye chupa isiyo na dawa

Mayai ya artemia yanataka maji yenye chumvi ya bahari, gramu 38 hivi kwa lita, hewa, mwanga na joto la nyuzi 25 hadi 30, na huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 48. Tabora usiku wa Juni na Julai baridi inaingia hadi ndani ya maabara, na mayai yanachelewa. Taa ya balbu karibu na chombo inaleta mwanga na joto kwa pamoja.

Kuna anayekwenda dukani kununua chumvi ya Uvinza. Kwa mgebuka wa kukaanga sina neno nayo. Kwa artemia, chumvi ya mezani imeongezwa madini joto na haina magnesiamu na madini mengine ya bahari kwa uwiano unaotakiwa. Agiza chumvi ya bahari isiyoongezwa kitu kutoka Pwani.

Vikifa zaidi ya 10% kwenye chupa za ulinganisho, tupa jaribio zima. Mara nyingi ni viluwiluwi wazee walioachwa na njaa. Tumia waliotoka karibuni, kumi kwa kila chupa ya mililita 5, uhesabu baada ya saa 24. Dondoo jeusi linaloficha viluwiluwi lihesabie kwenye sahani ya kioo chini ya taa. Kinachoogelea kinafuata mwanga. Chini ya mwanga huo angalia kama kuna mashapo: kiluwiluwi kilichonaswa kwenye utomvu uliotuama kimekufa kwa kunaswa. Sumu haijahusika.

Shida iliyo kinyume ni mbaya zaidi, yaani hakuna kinachokufa. Kwa desturi iliyoanzishwa na Meyer na wenzake mwaka 1982, dondoo ambalo nusu ya viluwiluwi hawafi mpaka lipite mikrogramu 1000 kwa mililita huhesabiwa kuwa halina sumu kwa kipimo hiki. Maneno "kwa kipimo hiki" yasidondoke njiani. Marejea, mimea ya jamii ya Crotalaria, ina alkaloidi zinazoharibu ini taratibu. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina waliharibika figo kwa sababu ya asidi ya mmea wa Aristolochia, na walikuwa wamevitumia kwa miezi. Jaribio la saa 24 haliwezi kuona jambo la miezi. Jaribio la panya la siku 14 nalo halioni vizuri. Dawa ambayo mgonjwa ataitumia muda mrefu inahitaji kipimo cha kurudia dozi, siku 28 au 90, pamoja na damu, ini na figo kuangaliwa.

Panya mmoja kafa ghafla kwa dozi ndogo, waliopewa kubwa wazima

Karibu kila mara ni bomba la kulishia lililoingia kwenye njia ya hewa. Anakufa ndani ya dakika chache, puani kuna povu, na ukimpasua mapafu yana rangi ya dondoo lako. Mpasue, usikisie. Ujazo usizidi mililita 1 kwa gramu 100 za uzito, au 2 ikiwa ni maji, kwa hiyo panya wa gramu 25 anapokea mililita 0.25, na 0.5 ndiyo mwisho wake. Mtu mmoja mwenye mkono mtulivu awalishe wote.

Panya anaanguka kwenye fimbo inayozunguka

Fimbo hii inapima misuli ya mifupa, si ya utumbo, na dawa inayolegeza mmoja haina wajibu wa kulegeza mwingine. Panya huanguka kwa sababu misuli imelegea, au ana usingizi, au anaumwa, au amepoa. Mpime joto. Mning'inize kwa miguu ya mbele kwenye waya: mwenye usingizi hushika akiguswa, aliyelegea kweli hashiki. Mgeuze chali uone kama anajirudisha. Mwache atembee kwenye uwanja wa wazi. Awepo mwenzake aliyepewa diazepamu, dawa inayojulikana kulegeza misuli na kuleta usingizi, na mwingine aliyepewa maji. Anayeanguka huku manyoya yamesimama na macho yamefumba ni mgonjwa, na jina lake linakwenda kwenye daftari la usalama.

Msimu uliopita lilifanya kazi, sasa halifanyi

Anza na mti. Jina moja la Kinyamwezi laweza kubeba miti miwili ukivuka wilaya, na mchimbaji mizizi anayelipwa kwa kilo hatakusumbua kwa maelezo. Kila ukichuma, kausha tawi lenye ua au tunda, andika mahali na tarehe, litambuliwe na hebariamu (hazina ya mimea iliyokaushwa), ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya taifa kule Arusha. Bila tawi hilo huna cha kubishania.

Kisha uliza namna dawa inavyotengenezwa. Mganga mmoja wa Sikonge, alipoonyeshwa chupa ya dondoo la ethanoli lililokuwa halina kazi yoyote, aliinusa akairudisha mezani. "Mwanangu, huu hauchemshwi wala hautiwi spiriti. Unalowekwa usiku mmoja, asubuhi mgonjwa anakunywa kwenye uji." Dondoo la maji baridi la mzizi uleule lililegeza utumbo, likaoshwa, utumbo ukarudi. Mafuta mepesi ya mzizi huenda yalikuwa yanapotea kwenye mashine ya kuvukizia. Maabara ikipinga matumizi ya mganga, itengeneze kwanza kama mganga anavyotengeneza.

Linalegeza utumbo, lakini mji wa mimba unakaza

Hili litafute hata kama halijajitokeza, kwa sababu dawa za chango hunywewa na wanawake, na wengine wana mimba wasiyoijua bado. Tumia kipande cha mji wa mimba wa panya mkubwa aliyepewa estrojeni siku moja kabla, ndani ya maji ya De Jalon yenye kalsiamu kidogo, nyuzi 32 hivi, ili usidunde wenyewe. Linganisha na oksitosini, homoni inayokaza mji wa mimba.

Usitegemee kuchemsha kuondoe hatari. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, katika miaka ya 1960 daktari wa Norway Lorents Gran aliona wanawake wakinywa chai ya mmea wa Oldenlandia affinis kuharakisha uchungu. Kiini kilichopatikana, kalata B1, ni protini ndogo. Protini nyingi zingeharibika kwenye sufuria. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba mnyororo wake umejifunga duara na kukazwa ndani kwa fundo la viungo vya salfa, ndiyo maana unahimili maji yanayochemka.

Mstari wa mji wa mimba ukipanda, dozi iliyoupandisha iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu ya grafu ya utumbo uliolegea, na nakala ya ukurasa huo irudi kwa mganga aliyekupa mzizi kabla hajauza fungu jingine.